Mchele wa Kyela usiupikie pilau: mlo wa Krismasi na Mwaka Mpya huku Nyanda za Juu Kusini

Jiko la Mwanjelwa (mwanzisha uzi)

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo.

Krismasi iko mlangoni, na muda si mrefu masoko yetu ya Mbeya, Mwanjelwa, Soweto na Sido, hayatapitika. Kabla watu hawajaanza kununua, nina hoja moja naomba tuijadili kwa kina: mchele wa Kyela usiupikie pilau.

Mchele huu unalipiwa bei ya juu kwa ajili ya harufu na ulaini wake. Harufu yenyewe ni nyepesi, unaipata vizuri pale unapofunua sufuria ya wali mweupe. Ukiuingiza kwenye kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa kahawia, ukaongeza bizari nyembamba, karafuu, iliki na mdalasini, kile ulicholipia hakipo tena. Mlaji anasikia viungo tu. Halafu punje ya Kyela ni laini, wakati pilau inataka punje inayovumilia kugeuzwa kwenye mafuta na kulala chini ya makaa nusu saa bila kupondeka. Kazi hiyo mchele aina ya Saro wa Mbarali unaiweza vizuri, na chenji inayobaki unaongezea nyama.

Kyela pikia wali mweupe. Osha mara mbili au tatu bila kuusugua kwa nguvu, maana punje zitavunjika na wali utakuwa na uji. Kikombe kimoja cha mchele, maji kikombe kimoja na nusu, chumvi, kijiko cha mafuta. Maji yachemke kwanza ndipo mchele uingie. Yakishuka usawa wa mchele, punguza moto, funika, palia makaa machache juu, na usifunuefunue. Uandalie rosti ya kuku wa kienyeji pembeni. Hapo ndipo mgeni atauliza umenunua wapi mchele.

Jambo la pili ni wingi wa vyakula. Mwenyeji mmoja mwenye majiko mawili anaandaa pilau, wali, ndizi, chipsi, kuku, ng'ombe, kitimoto (nguruwe), saladi na chapati. Mwisho wa yote watu waliotoka ibadani saa saba wanakula saa kumi na moja, na nusu ya vyakula imepoa. Kwa maoni yangu wanga wa aina mbili unatosha, nyama aina moja au mbili, maharage, mboga ya majani na matunda, chakula kiwe mezani saa nane kamili. Wenye mawazo tofauti karibuni.

---

Mama wa Uyole

Naunga mkono kuhusu Kyela. Kwa kuwa pilau itapikwa tu hata tukisema nini, acha niweke vipimo vya watu 20 wazima, maana hapo ndipo wengi wanapokosea.

Mchele Saro kilo 3 (gramu 150 kwa kila mtu, na hiyo ni sahani ya sikukuu). Nyama ya ng'ombe yenye mifupa kilo 3. Vitunguu maji kilo 1. Mafuta nusu lita. Vitunguu saumu vichwa 3 na tangawizi gramu 100, vitwangwe pamoja. Bizari nyembamba nzima vijiko vya chakula 4, pilipili manga kijiko 1, karafuu 15, iliki 20, mdalasini vijiti 4. Supu ya nyama ikichanganywa na maji ifike lita 5 na nusu. Ukipenda viazi, kilo 2, vimenywe na vikaangwe kidogo kabla ili visivurugike.

Msipike kilo 3 kwenye sufuria moja kama moto ni wa mkaa. Gawa mbili, kilo moja na nusu kila sufuria. Chungu kikubwa juu ya jiko la mkaa kinaunguza chini wakati juu punje bado ina kiini, halafu mpishi anaongeza maji, na maji ya kuongeza ndiyo yanayoleta bokoboko.

Nyama ichemshwe kwanza kwa chumvi na tangawizi mpaka iive. Kitunguu kikaange kwa moto wa kati dakika 15 hadi 20, ukikoroga, mpaka rangi iwe ya kahawia iliyokolea. Rangi ya pilau inatoka hapo. Ukiharakisha kwa moto mkali kinaungua kingo huku katikati ni kibichi, na pilau nzima inakuwa chungu. Kitunguu kikifika, tia saumu na tangawizi, kaanga dakika mbili, viungo, nyama, kaanga tena dakika tano, ndipo supu. Onja supu ikichemka: chumvi iwe imezidi kidogo unavyopenda, kwa sababu mchele utaimeza. Mchele uwe umelowekwa dakika 20 na kuchujwa. Ukishaingia koroga mara moja, basi. Maji yakishuka usawa wa mchele toa makaa mengi chini uyapandishe juu ya mfuniko. Dakika 25, geuza mara moja kutoka chini kwenda juu, funika tena dakika 10.

Kingine ni mwinuko wetu. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100. Ndiyo maana vipimo vya muda vya mtu wa Dar havifanyi kazi hapa. Nyama na maharage vinadai muda zaidi. Kuchochea moto zaidi hakusaidii, maji yanakauka haraka tu na joto linabaki palepale. Kinachosaidia ni kuanza mapema na kufunika vizuri, au presha kuka kama unayo.

---

Kijana wa Ilomba

Hoja ni nzuri wakuu, ila kuna mambo mawili. La kwanza, ndugu wakipanda basi kutoka Dar wanakuja wanajua watakula pilau ya mchele wa Mbeya, na ukiwapa wali mweupe wanaona umewapunja. La pili, huo wa Kyela tunaonunua mjini mara nyingi umechanganywa. Mtu anautambuaje?

---

Jiko la Mwanjelwa

Kuhusu ndugu wa Dar: pilau wanaipata kwao kila harusi. Wali wa Kyela uliopikwa sawasawa na kuku aliyekua anajichakulia mwenyewe, hicho hawakipati kirahisi. Mpe mgeni kitu cha hapa.

Kuhusu kuchanganya, fanya hivi. Chota kiganja, utandaze, angalia urefu wa punje. Mchele uliochanganywa una punje za maumbo mawili, nyingine nyembamba na nyingine nene au fupi. Kisha usugue viganjani, upulizie pumzi ya moto, unuse papo hapo. Kyela halisi harufu inapanda. Angalia pia unga mweupe na chenga chini ya gunia, usiridhike na ule wa juu tu. Kama unanunua kilo 10 au zaidi, nunua nusu kilo kwanza siku chache kabla, pika nyumbani, ndipo urudi. Muuzaji mwaminifu hakatai hilo.

Uliza pia ni wa mavuno yapi. Mchele mpya unatoa maji mengi na kushikana, uliokaa miezi kadhaa tangu mavuno unachambuka. Wa mwaka huu, kufika Desemba umeshatulia. Ukiona unashikana bado, punguza maji robo kikombe kwa kila kikombe cha mchele.

---

Migomba ya Tukuyu

Ndaga, wapendwa. Uzi mzuri, ila nina lalamiko: ndizi mmezitaja kama kitu cha pembeni. Kwa sisi wa Rungwe sikukuu bila ndizi haijakamilika, na wali ndio mgeni mezani.

Mbalaga ya sikukuu kwa watu 10: ndizi mbichi za kupika 35 hadi 40 za ukubwa wa kati, nyama ya ng'ombe yenye mafuta kidogo kilo 1 na nusu, vitunguu 4, nyanya 5, karoti 3, chumvi, na maziwa freshi nusu lita. Wengine wanatia karanga zilizosagwa badala ya maziwa, na hiyo ni sawa. Wengine wanaweka maharage badala ya nyama. Tui la nazi huku ni la kununua mbali, wala halihitajiki.

Yanayoharibu ndizi ni haya.

Utomvu. Paka mafuta mikononi na kwenye kisu kabla ya kumenya, na kila ndizi ikimenywa izame kwenye maji yenye chumvi kidogo na ndimu. Zikikaa nje dakika chache zinapiga weusi, na mchuzi unakuwa wa kijivu. Menya kwa kisu mpaka ule utando wa kijani utoke wote, maana ukibaki unaacha ukakasi kwenye ulimi.

Kuchanganya na nyama mbichi. Ndizi zinaiva dakika 30 hadi 40, nyama yetu ya ng'ombe wa kienyeji inataka saa moja na nusu. Ukizipika pamoja tangu mwanzo, nyama ikiiva ndizi zimeshakuwa uji. Chemsha nyama kando, panga ndizi juu yake, mimina supu ifike karibu kufunika, basi.

Mwiko. Ndizi hazikorogwi. Shika masikio ya sufuria utikise. Ukikoroga zinavunjika, wanga unatoka, unashika chini na kuungua.

Maziwa. Hapa wengi wanapotea. Ukimwaga maziwa baridi kwenye mchuzi wa nyanya unaochemka kwa nguvu, yanakatika, unaona vipande vyeupe vinaelea juu ya maji ya manjano. Nyanya ina uchachu. Nyanya ziive kabisa kwenye mafuta mpaka mafuta yatengane, maziwa yawe yamechemshwa pembeni na bado ni ya moto, teremsha sufuria, mimina taratibu ukitikisa, rudisha kwenye moto mdogo dakika tano tu.

Na aina ya ndizi: ukiwa sokoni sema unataka za kupika, usichukue mzuzu kwa kazi hii. Mzuzu ni wa kukaanga au kuchoma. Ukiuweka kwenye mchuzi unabaki mgumu katikati na mtamu usiotakiwa.

---

Kihesa hadi Kilolo

Kamwene wote. Iringa tunasoma kwa makini, ila mmesahau ugali. Kuku wa kienyeji wa Krismasi na ugali moto, hapo mzee wa Kihehe ndipo anapokaa sawa kwenye kiti. Wali atakula kwa heshima.

Jogoo mkubwa asikaangwe moja kwa moja. Chemsha na chumvi, tangawizi na kitunguu, moto mdogo, saa moja na nusu mpaka mbili. Shika mguu uuzungushe: ukigeuka kwenye ungio bila kuvutana, ameiva. Ndipo ukaange kidogo na kutengeneza rosti. Tembe mdogo saa moja inatosha. Supu usiimwage wala usiipikie wali. Itoe kwenye vikombe wakati wageni wanasubiri, na ndimu na pilipili kando. Mtu akishapata supu ya moto hahesabu dakika.

Mboga: Desemba mvua zimeshanyesha, majani ya maboga ni machanga, na porini uyoga unatoka. Uyoga wa kuchuma nunua kwa wamama wanaoufahamu, wale walewale wanaouza kila msimu. Usinunue kwa mtoto wa barabarani usiyemjua, na usichume mwenyewe kama hukufundishwa, kwa kuwa ule wa sumu hauondolewi sumu kwa kupikwa. Ukipata mzuri, osha haraka maana unanyonya maji, kaanga na kitunguu mpaka maji yake yakauke, kisha tia karanga zilizosagwa.

Mahindi mabichi Desemba yanatoka kwenye vinyungu tu, yale ya mabondeni. Ya mashamba ya mvua bado ni mtoto. Ukiyakuta, yachemshe uwape watoto waanzie hayo.

Ulanzi, yaani pombe ya mianzi, nao tuuseme wazi. Msimu wake ni huu wa mvua. Ukigemwa leo ni mtogwa, mtamu, hata mama mkwe anaonja. Ukilala unachacha na kukua nguvu, na kesho yake ni mkangafu. Kwa hiyo mwenyeji anayeagiza ulanzi siku moja kabla ajue anaagiza pombe kali zaidi ya aliyoionja. Usiufunge dumu kwa kifuniko kilichokazwa, gesi inajaa na dumu linapasuka au kumwagika ndani ya gari. Legeza kifuniko, au ziba kwa kitambaa safi. Na watoto wawe na kinywaji chao mapema, chupa isiyofanana na ya ulanzi.

---

Nyama na Mizani

Mmezunguka zunguka kitimoto hamuitaji. Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe, kwenye nyumba nyingi za Kikristo hiyo ndiyo nyama ya Krismasi. Basi tuiseme vizuri.

Nunua bucha yenye nyama iliyopigwa muhuri wa mkaguzi. Nguruwe anayechinjwa uani usiku wa mkesha bila kukaguliwa ni hatari kwa sababu ya minyoo ya tegu. Kwenye nyama utaona vifuko vyeupe vyenye maji, saizi ya punje ya mchele au zaidi kidogo. Ukiviona usikate hiyo sehemu tu ukapika nyingine, iache nyama yote. Ukisikia kuna zuio la homa ya nguruwe wilayani kwenu, usisafirishe nyama wala mnyama. Ugonjwa huo haumpati mtu ila unamaliza mazizi ya kijiji kizima, na unasambaa hata kwa mabaki ya nyama wanayotupiwa nguruwe.

Kupika: vipande vya sentimita 3, visizidi. Weka kwenye sufuria bila mafuta, chumvi, ndimu, tangawizi na saumu, funika, ichemke kwa maji yake na maji kidogo ya kuongeza dakika 40. Maji yakikauka mafuta yake yenyewe yanatoka, na hayo ndiyo yanakaanga. Kata kipande kinene katikati: kusiwe na wekundu. Kwenye choma ndipo watu wanapodanganyika, maana nje inapata rangi nzuri na ndani ni mbichi. Ukitaka kuchoma, chemsha kwanza dakika 30.

Kilo 3 kwa watu 10 ni tele kama kuna nyama nyingine. Ndizi za kukaanga na kachumbari, basi.

---

Bi Mkubwa Isanga

Assalam alaykum, na Krismasi njema mapema kwa majirani zetu.

Nashukuru mmefika kwenye kitimoto, maana huku tunaishi mchanganyiko na Krismasi tunaalikwa, kama nanyi mnavyokuja Idi. Mwenyeji akitaka jirani Mwislamu ale kwa amani, afanye haya:

Kuku, mbuzi au ng'ombe achinjwe na Mwislamu. Mwite jirani asubuhi mapema au mkesha jioni, usimgongee saa sita mchana wakati maji ya kunyonyolea yameshachemka. Ukinunua bucha, jua ni bucha gani.

Kitimoto kipikwe jiko lake, sufuria yake, mwiko wake, kisu na ubao wake, na kikaangio chake. Kuosha sufuria haraka katikati ya mapishi hakutoshi. Mafuta ya kitimoto yasikaangie ndizi au chipsi za watu wote, na hili ndilo watu wanalosahau zaidi. Mezani kikae meza yake kabisa, siyo upande wa pili wa meza hiyohiyo ambapo kijiko kinahama.

Mwambie mgeni wazi akiingia: "Kuku na wali vimepikwa kando, kuku kachinja fulani." Maneno hayo mawili yanamwondolea mtu aibu ya kuuliza. Mgeni asiposikia kitu atakunywa soda na kusema ameshiba, mwenyeji ataona amedharauliwa, na hakuna aliyekosea.

---

Migomba ya Tukuyu

Bi Mkubwa, umesema la maana sana. Ndaga fijo.

---

Dada wa Katumba

Naomba kuuliza, hasa wazee wa Kinyakyusa. Mkamwana anapokuwa yeye ndiye mwenyeji, na baba mkwe ni mgeni siku ya Krismasi, anahudumiaje? Familia nyingine wanashika sana miiko, nyingine hawana habari. Mgeni kwenye ukoo anachanganyikiwa.

---

Mama wa Uyole

Mdogo wangu, ulizia kwa mumeo au kwa wifi kabla ya siku yenyewe, usisubiri mzee ameshaketi. Kwenye familia zinazoshika mila, mkamwana hamkaribii baba mkwe, hamtazami usoni, hamtaji jina, wala hampi kitu mkono kwa mkono. Hapo unapanga hivi: mzee akae sebuleni au nje chini ya mti na wazee wenzake, wewe uwe upande wa jikoni na njia yako usikatize mbele yake. Chakula chake pakua wewe, apeleke mtoto wako au shemeji yako wa kiume. Maji ya kunawa vilevile. Salamu zako zipelekwe na mtu.

Kama familia haishiki, mzee mwenyewe atakuita usogee. Anza na ile ya heshima zaidi. Kulegeza baadaye ni rahisi, na hakuna atakayekulaumu.

Firigisi pia iulizwe. Nyumba nyingi ni ya baba mwenye nyumba au ya mzee mkubwa aliyepo, wengine wanampa mgeni wa heshima. Isikatwe vipande na kuchanganywa kwenye rosti. Iwekwe nzima, juu ya bakuli linalokwenda kwa anayestahili. Kuku wakiwa watatu, firigisi ziwe tatu. Ikikosekana moja watu wanaangaliana.

---

Kijana wa Ilomba

Na utaratibu wa kupakua? Siku hizi ni bufee kila mahali, mtu wa kwanza kwenye foleni anabeba mapaja manne.

---

Jiko la Mwanjelwa

Bufee siyo mbaya ila nyama isiachwe wazi. Weka mtu mzima mmoja, mwenye sura ya upole na mkono wa haki, apakue nyama tu. Vingine watu wajipakulie. Kuku wa kilo moja na nusu anatoka vipande 12 vya haki: mapaja 2, miguu 2, mabawa 2, kidari vipande 4, mgongo 2. Kwa hiyo watu 20 kwa vipande viwili kila mmoja ni kuku wanne, ukibakiwa na vipande vichache vya akiba. Hesabu hiyo ifanywe kabla ya kununua.

Watoto walishwe kwanza, saa saba na nusu, kwa sahani zao ndogo, mkekani. Najua wengine wanasema wazee kwanza. Wazee wapewe supu na heshima ya kunawishwa kwanza, lakini mtoto aliyeamka alfajiri kuvaa nguo mpya, kusubiri mpaka wazee wamalize hotuba ni kumtesa, na kelele zake ndizo zinazoharibu mlo wa wote.

Kunawa: jagi, beseni, sabuni na taulo, maji ya uvuguvugu. Vijana wawili wapite kwa kila mgeni alipokaa, kabla na baada ya kula. Kuwainua wazee kwenda bombani nje kwenye tope la Desemba si ukarimu. Sala iwe fupi, chakula kinapoa.

Mkaa nunueni mapema muuweke ndani pakavu. Ukilowa kwa mvua unatoa moshi na hauchangamki. Na mvua ikinyesha msihamishie jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, ile hewa yake inaua watu bila harufu. Pikieni barazani au jiko lenye madirisha wazi.

---

Mwanakijiji Makete

Maharage mmeyapitia juu juu. Huku kwetu ni juu zaidi ya Mbeya na maji yanachemka kwenye joto dogo zaidi, kwa hiyo tunayajua. Yaloweke usiku kucha, maji mara tatu ya maharage, mwaga hayo maji asubuhi. Njano za Uyole zinaiva haraka na mchuzi wake ni mzito. Magadi kama ni lazima, chembe tu ya ncha ya kijiko kwa kilo, ukizidisha yanapasuka maganda na kupata ladha ya sabuni. Nyanya na ndimu ziingie yakishaiva, maana uchachu unayafanya yakaze. Maharage ya mwaka juzi hayaivi vizuri hata ufanye nini, nunua ya msimu huu.

Viazi vya chipsi vichague vilivyokomaa, ngozi isichubuke kwa kidole gumba. Vichanga vina maji, vinanyonya mafuta na kulegea.

---

Dada wa Katumba

Asanteni sana, hasa Mama wa Uyole. Na mgeni naye ana wajibu gani? Naona tumembebesha mwenyeji kila kitu.

---

Bi Mkubwa Isanga

Mgeni asije mikono mitupu. Sukari kilo mbili, mchele, kreti ya soda, mafuta, mkungu wa ndizi, sabuni, chochote kinachotumika. Kama unaleta chakula kilichopikwa, mwambie mwenyeji tangu juzi, asije akapika kilekile. Na ukileta watu wa ziada, simu ipigwe asubuhi, siyo mlangoni.

Chombo cha mtu hakirudi kitupu, kila mmoja hapa anajua hilo. Tatizo ni kifungashio cha wanaoondoka. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo mwenyeji aandae makontena au majani ya mgomba. Jani lipitishe juu ya moto mpaka ling'ae na kulegea, ndipo lifunge bila kupasuka. Vya kubeba vitengwe kabla watu hawajaanza kula, visiwe makombo ya sahani. Bibi aliyebaki nyumbani anaumwa atengewe wa kwanza.

---

Nyama na Mizani

Naongeza la mabaki, maana tarehe 26 ndipo matumbo yanapoharibika. Pilau au wali usilale kwenye sufuria nzito iliyofunikwa. Katikati unabaki na uvuguvugu usiku mzima na unachacha, na kuna sumu ya vijidudu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Watu wakishamaliza, tandaza kwenye sinia upoe, ndani ya saa mbili uwe kwenye friji. Usiye na friji, pika kiasi cha kuisha na kinachobaki gawa jioni hiyohiyo. Desemba ya Mbeya siyo baridi ya Juni, msiitegemee kama friji. Kupasha ni mpaka mvuke utoke katikati, na mara moja tu.

---

Kijana wa Ilomba

Swali la mwisho kutoka kwangu: kuku wa kienyeji wanunuliwe lini, na wakae vipi mpaka siku yenyewe?

---

Kihesa hadi Kilolo

Siku nne au tano kabla, maana tarehe 23 na 24 bei inapanda na wanaobaki sokoni ni wachovu. Mshike mwenyewe: kidari kiwe kimejaa pande zote mbili za mfupa, macho yawe maangavu, sehemu ya nyuma iwe kavu na safi, na asiwe anapumua mdomo wazi. Usiwachanganye na kuku wako wa nyumbani, kideri kikiingia bandani unapoteza wote. Watenge kwenye banda lao, pumba, mahindi na maji safi. Jioni ya mkesha waondolee chakula, wabaki na maji tu, ili utumbo uwe mtupu na usipasukie kwenye nyama. Chinja asubuhi saa kumi na mbili, maji ya kunyonyolea yawe ya moto sana lakini yasiwe yanatokota, yakitokota ngozi inachunika na manyoya. Saa mbili kuku wawe jikoni, saa sita supu iko tayari.